Maana ya Flati

Mkomaindo, Masasi.
Mwezi wa Mei, mvua zimekatika.

Kwa mtani wangu Khalidi, Baba Faidha,
Mkunya, Newala.

Salamu aleikum. Shikamoo sikuletei, kwa kuwa kesi yetu ya nani alitangulia kuzaliwa haijaamuliwa mpaka leo na mashahidi wote wamekwisha kufa. Wewe unasema ulizaliwa mwaka wa nzige. Mimi nasema cheti changu cha ubatizo cha Lulindi kimeandikwa kwa wino, na nzige hawaandiki. Basi tubaki hivyo hivyo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, magoti yakikubali kuinama kwenye swala, na Mama Faidha kifua kimemwachia. Naiulizia hali hata ile mikorosho yako ya mpakani, ambayo kila mwaka unasema inakufa na kila mwaka inakujengea chumba kingine.

Huku kwetu mwanangu Nancy hajambo. Anakwenda sokoni asubuhi na vitenge vyake, anarudi jioni, anapika, anasali, analala. Mimi sijambo kwa kiasi changu. Daktari anayeniangalia ni kijana ambaye baba yake nilimfundisha. Aliniambia kwa adabu kwamba moyo wangu umechoka kusukuma, ndiyo maana miguu inavimba na pumzi inakuwa fupi. Nikamwuliza kama nitakula mabibo ya msimu ujao. Akatazama dirishani, akasema tumwombe Mungu. Nimekaa darasani maisha yangu yote. Mwanafunzi akitazama dirishani, jibu analijua ila hataki kulitamka. Nikamshukuru, nikavaa shati langu, nikarudi nyumbani. Nancy nilimwambia nimepewa dawa za kupunguza maji mwilini, jambo ambalo ni kweli.

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa siku kadhaa, kwa sababu macho yangu sasa yanasoma mstari mmoja na kuomba kupumzika. Umeniambia kwamba Mama Faidha amepokea kitenge kutoka kwa Nancy, na kwamba mmekaa mkakitazama mkashindwa kujua ni cha nini, maana hapakuwa na harusi wala mtoto aliyezaliwa. Hilo nitalijibu, lakini si hapa. Halafu umeniuliza maana ya neno. Umesema wajukuu wako wanalitaja kila siku, wanacheka, ukiingia wananyamaza. Umesikia wakisema flati ya babu inakuja, flati ya babu imechelewa. Umeona aibu kuwauliza, ukasema afadhali umwulize mtani wako ambaye alikula mshahara wa serikali kwa kufundisha Kiingereza, ajitoe jasho kidogo.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini simu yako wewe huwekwa spika kwa sababu masikio yako yameanza kuchagua maneno, na nyumba nzima hukaa kusikiliza kama wanasikiliza taarifa ya habari. Ninayotaka kusema si ya nyumba nzima. Kwa hiyo nimechukua kalamu nene ambayo Nancy anaandikia kwenye maboksi yake, na ninaandika herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Usicheke. Au cheka, ni haki yako.

Nikuambie mapema ili usiseme nilikuzungusha. Katika neno hilo uliloniuliza kuna jambo kati yako na mimi. Unajua kwetu mtu akifa, ndugu hulia na mtani huchekesha. Mimi mtani wangu nataka awe wewe, sitaki mwingine aazimwe. Lakini ukimaliza kuisoma barua hii huenda ukaona afadhali uje ukae mkekani kama mgeni yeyote, unyamaze, unywe chai, uondoke. Nimetaka uamue ningali hai. Jambo lenyewe nitalisema likifika mahali pake. Kwanza nijibu swali, kwa kuwa swali la mtu hujibiwa.

Flati ni televisheni nyembamba. Hakuna zaidi ya hapo. Wenyewe Waingereza husema flati skrini, yaani kioo bapa, kioo kisicho na tumbo. Watu wetu wamelikata neno katikati, wakaitupa skrini na kubaki na flati, kama wanavyofanya kwa maneno marefu yote. Wakisema fulani kanunua flati, wamemaanisha ile ya kutundika ukutani kama kalenda. Ile nyingine, ya zamani, yenye mgongo uliochomoza nyuma, huitwa chogo, kwa sababu inafanana na mtu mwenye kichwa kirefu kisogoni. Iliyoko kwako ni chogo. Wajukuu wakisema chogo la babu hawasemi kichwa chako, ingawa nacho wangekuwa na haki.

Nimejaribu kulifikiria neno hili kama ningelifundisha darasani. Ningewaambia watoto watazame walipo. Sisi wa Masasi tumezungukwa na majabali, kila upande kuna jiwe limetuna. Sisi ni machogo. Ninyi wa Newala mmekaa juu ya uwanda, mtu anaweza kutembea tangu nyumbani kwake mpaka shambani bila kupanda wala kushuka, kisha ghafla anafika ukingoni na kuiona Ruvuma chini kabisa. Ninyi ni flati: nyembamba, ziko juu, na anayezisogelea ukingo anaanguka. Watoto wangecheka na wasingesahau.

Sasa matumizi yake. Hapa mjini neno limetoka kwenye televisheni na linatembea lenyewe. Mtu akipangisha chumba husema ukuta huu unafaa flati. Kwenye harusi mshereheshaji hutangaza kamati ya akina mama imetoa kitanda, kamati ya wajomba imetoa flati, na watu hupiga vigelegele kwa wajomba kuliko kwa kitanda, ingawa kitanda ndicho kitakachofanya kazi. Vijana wa bodaboda nao wamelifanya tusi. Msichana akipita ambaye Mungu hakumjalia mzigo nyuma, humwita flati skrini. Jirani yetu Ziada, yule anayeuza mihogo ya kukaanga, walimwita hivyo asubuhi moja mbele ya kibaraza changu. Alitua sufuria lake chini taratibu, akawaambia kwamba ni kweli yeye ni flati, na ndiyo maana anawaona vizuri wao machogo, wanaojaza njia nzima na picha hawana. Tangu siku ile hupita bila kuitwa kitu, na wao ndio hununua mihogo yake. Mimi kama mwalimu sipendi neno litumike hivyo. Lakini nilicheka mpaka pumzi ikanipotea, Ziada akaja kunipepea.

Kuna jambo jingine kuhusu neno hili ambalo huko lilikozaliwa wengi wao hawalikumbuki tena. Siku hizi Waingereza wanaanza kuliacha. Televisheni zao zote zimekuwa nyembamba, kwa hiyo hakuna haja ya kusema hii ni bapa. Wanasema televisheni tu. Kwetu neno lina nguvu kwa sababu machogo bado yapo. Siku chogo la mwisho litakapozimika hapa kusini, flati nayo itakosa wa kushindana naye, itabaki televisheni tu. Nadhani hata neno mtani liko hivyo. Mtu hawezi kuwa mtani peke yake.

Na kabla hujatoka kwenye somo, nenda kalitazame chogo lako. Chini ya kioo, upande wa kulia, futa vumbi. Utakuta herufi nne za fedha: F, L, A, T. Usishangae. Zile za mwisho mwisho, kabla ya nyembamba kuja, zilitengenezwa uso bapa na mgongo ukabaki vilevile, na wenye viwanda waliona fahari wakaziandika hivyo. Kwa hiyo wajukuu wakikucheka, waite, waonyeshe, wasome wenyewe. Waambie babu alikuwa na flati kabla baba zao hawajaoa. Ukitazama kwa mbele ni flati. Ukizunguka nyuma ndipo unapoliona chogo.

Hilo neno la mwisho litanirudia. Sasa nifike kwenye habari.

Chogo hilo lilikuwa la marehemu Isabela, mke wangu. Unakumbuka, lakini niruhusu nieleze, maana ndipo jambo linapoanzia. Alilitunza kuliko alivyonitunza mimi. Juu yake alitandika kitambaa alichofuma kwa mkono, na juu ya kitambaa akasimamisha picha yetu ya ndoa, mimi nikiwa nimevaa suruali niliyoazimwa. Alipofariki ulifika kutoka Mkunya jeneza likiwa bado sebuleni. Watu wote wanalia. Ukaja ukajitupa kwenye mkeka wa wafiwa, ukatangaza kwamba wewe ndiye wa kuzikwa, kwa kuwa Isabela alikuwa anakupikia na mimi sijui hata kuchemsha maji. Kisha ukaingia ndani, ukatoka na televisheni kichwani, waya ukiburuta nyuma kama mkia. Ukaketi nayo kando ya njia, ukasema marehemu amekuachia, asiyetaka aje aikomboe. Shangazi akaja na kuku. Ukamshika kuku, ukampima kwa mkono, ukasema amekonda kuliko mfiwa. Watu walicheka na machozi usoni. Padri mwenyewe aligeukia ukutani.

Mila inasema kitu kisichokombolewa ni cha mtani. Shangazi alitaka kuongeza kuku wa pili. Mimi nikasema mwacheni aende nalo. Sikuweza kukaa chumba kimoja na lile chogo bila mwenyewe. Nancy akaondoa kitambaa na picha, wewe ukapanda gari la Newala ukiwa umelipakata. Tangu siku ile nyumba hii haikuwa na televisheni. Picha ya ndoa ilikaa dirishani, jua likaifuta nyuso. Suruali ya kuazima bado inaonekana.

Sasa sikiliza. Mwaka jana, korosho zilipoanza kuanguka, Faidha alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Alinisalimu vizuri, akaniita baba. Akasema amemnunulia babake zawadi ambayo hataki aijue mpaka aione, na kwamba ni kitu cha kioo, anaogopa kukituma moja kwa moja mpaka Newala kwa sababu njia ya kupanda huko inachimbwa na gari linaruka. Atakituma kwa basi mpaka Masasi, mimi nikihifadhi, na nduguye Safari atakuja kukichukua na pikapu yake akishamaliza kubeba korosho. Nikamjibu kwamba kwangu ni kwao. Basi lilileta boksi pana, jembamba, limeandikwa kila upande lisilazwe.

Khalidi, flati ambayo wajukuu wako wanasema imechelewa ni hiyo. Haijachelewa. Iko ukutani kwangu.

Nilianza vizuri. Boksi lilikuwa limebonyea pembeni, nikafikiri kama kioo kimevunjika, Faidha aambiwe mapema. Nikamwita Dastani, fundi wa redio na simu hapa jirani, aje alifungue na kujaribu. Aliitoa, akaiegemeza ukutani, akachomeka waya. Ikawaka. Palikuwa na msomaji wa habari, na chini yake ulikuwa unapita mstari wa maandishi meupe, herufi kubwa, polepole. Nikausoma. Sijui kama utanielewa. Nilikuwa nimeacha kusoma. Vitabu vyangu Nancy huvipangusa vumbi, mimi hunusa tu. Hata zaburi nasoma kwa kukumbuka. Na hapo nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikisoma kwamba daraja fulani limekatika, na waziri amesema nini, neno kwa neno, bila mtu kunisomea. Dastani akaniuliza aifunge au aiache kidogo. Nikamwambia aiache kidogo.

Kesho yake nikamwambia aitundike, kwa sababu sakafuni kuku wangeiangusha. Hiyo ndiyo sababu niliyompa, na yeye hakuuliza kwa nini boksi lisirudishiwe kitu chake. Jioni Nancy akarudi, akasimama mlangoni na mzigo kichwani. Akauliza ya nani. Nikafungua kinywa ili nimweleze ukweli, nikajisikia mwenyewe nikisema mtani wangu Khalidi ameniletea, kufidia lile chogo. Mtoto yule alitua mzigo, akakaa chini, akalia. Akasema kumbe watu wema bado wapo. Tangu siku ile anakutaja kwenye sala zake kila jioni, baada ya mama yake na kabla yangu. Kitenge alichompa Mama Faidha ni shukrani. Umepewa asante kwa kitu ulichoibiwa, na asante yenyewe imekuja kwa adabu.

Safari alipiga simu akiwa Masasi na mzigo wa korosho, akasema anapita kuchukua boksi. Siku hiyo kweli wingu lilikuwa limetanda na pikapu yake haina turubai. Nikamwambia asubiri mvua zipite, kitu hiki hakipatani na maji. Hilo halikuwa uongo kamili. Alipopiga mara nyingine kulikuwa na jua, nikamwambia Nancy amesafiri na ufunguo wa chumba. Nancy alikuwa uani anafua. Faidha naye nilimwambia umeme wa Mkunya unapanda na kushuka, usije ukaiunguza, afadhali tungoje. Watoto wako wamelelewa vizuri, mtani. Hawamwambii mzee kwamba anasema uongo, hata kama wanajua. Safari sasa hapigi tena.

Na nyumba ikajaa watu. Wastaafu wenzangu ambao walikuwa wakinisalimu kwa mbali barabarani sasa walikuja na viti vyao. Ziada akahamishia jiko lake kwenye kibaraza changu. Wapita njia wakaanza kuelekezana: nyumba ile kwa Mwalimu mwenye flati. Nilipokuwa nafundisha nilikuwa Mwalimu tu. Nancy alijaribu kuisimamisha picha ya ndoa juu ya flati, kama mama yake alivyofanya, ikaangukia nyuma, kioo chake kikapasuka. Aliokota vipande akasema kitu hiki hakina mahali pa kuwekea kitu. Hiyo nayo iongeze kwenye maana ya neno.

Nilikuwa na mpango, na nakueleza kwa sababu wakati ule niliuona una akili. Nilijua siendi mbali. Nikasema nitaitazama mpaka nife. Nikifa, Khalidi atakuja, atafanya alivyofanya kwa Isabela, ataingia ndani, ataiona flati, ataing'oa ukutani na kuketi nayo njiani. Na mimi nitakuwa nimemwachia Nancy neno kwamba asikubali mtu yeyote aikomboe. Basi utakwenda nayo Mkunya, Faidha atapata zawadi yake mahali pake, na hakuna atakayejua. Kila mtu atakuwa amepata chake. Nililala vizuri na mpango huo.

Ulivunjika wiki iliyopita. Palikuwa na mechi ya watani wa jadi, watu walikaa mpaka dirishani. Timu ya Dastani ikafunga, akaruka, akamwaga chai ya watu, na katika furaha ile akanyoosha mikono juu, akasema Mungu ambariki mtani wa Mwalimu kule Newala aliyetupa macho, ampe umri na pepo. Wote wakasema amina. Nancy akasema amina kwa sauti kuliko wote. Wakanitazama, kwa kuwa mtani ni wangu. Nami nikasema amina.

Kesho yake ikaja barua yako, ukiniuliza flati ni nini.

Nilikaa nayo mapajani. Nimekuwa nikijiambia kwamba wewe ulichukua televisheni yangu na mimi nimechukua yako, ngoma droo. Lakini wewe uliichukua mchana, mbele ya jeneza, ukiitwa mwizi na shangazi, watu wakikupigia makofi. Ulikaa nayo njiani ili anayeitaka aje. Mimi nimeichukua nimekaa kimya kwenye kiti changu na kalenda ya kanisa juu ya kichwa. Kitu ni kile kile. Wewe ulikuwa mtani. Mimi nimekuwa kama hilo chogo lako, uso bapa umeandikwa kwa fedha, na nyuma limetuna. Na ule mpango wangu ungekufanya uje uchekeshe watu kwa kunyang'anya kitu chako mwenyewe bila kujua. Mtu akichekwa na hajui, huo si utani tena.

Kwa hiyo nakuomba uje. Usingoje nife. Njoo siku ya soko, watu wakiwapo, maana nilitukuzwa mbele ya watu. Ingia bila kubisha hodi. Nitakuwa nimekaa kwenye kiti changu na Nancy atakuwa ameambiwa. Nitamwambia leo akirudi, barua ikishatoka mkononi mwangu, ili nisipate nafasi ya kubadili maneno. Faidha na Safari waambie wewe, au wasomee hapa. Ing'oe ukutani. Dastani atakusaidia misumari, ingawa atalia. Iweke kichwani kama unaweza, ingawa shingo yako si ile, kisha keti nayo kando ya njia pale pale ulipoketi. Sema kila unachotaka kusema juu yangu, wote wasikie. Akitokea mtu na kuku, mkatae.

Ila nina ombi moja juu ya hilo, na ukilikataa sitalalamika. Ukija, njoo na chogo la Isabela. Huko kwako hakuna tena anayehitaji kulitazama, wajukuu wanalicheka. Lirudishe mahali pake kwenye meza ya pembeni. Silitaki kwa kutazama. Macho yangu hayasomi kitu kwenye kioo kile. Nancy bado anacho kitambaa cha mama yake, amekikunja sandukuni. Atakitandika juu, na picha ya ndoa itapata pa kusimama, hata bila kioo. Na baadaye kidogo patahitajika nafasi ya picha ya pili. Flati haina mgongo wa kumbeba mtu.

Ziada anapanda Newala keshokutwa kununua makopa ya muhogo, nampa barua hii leo akuletee. Mpe maji ya kunywa, wala usimwulize lolote, hajui. Msalimie Mama Faidha, mwambie kitenge akishone na akivae, Nancy alikitoa kwa moyo safi na chenyewe hakina kosa. Wasalimie wajukuu, waonyeshe zile herufi nne. Wasalimu majirani wa Mkunya wanaonikumbuka, na wasionikumbuka wasisumbuliwe.

Ile kesi ya nani alizaliwa mwanzo nimeifuta leo. Mwaka wa nzige ulitangulia, nilijua tangu tukiwa vijana.

Shikamoo, Khalidi.

Mimi mtani wako, kama bado unanitaka,
Bernard, Baba Nancy.